Ombi la Kushushiwa Alama

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika kutoka zahanati yetu. Wameanzisha siku za wazee, kila Jumanne na Alhamisi: viti vyenye mikono, foleni fupi, daktari aliyesomea uzee hasa, na nusu saa nzima kwa kila mtu. Nimepangiwa Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, Chumba Namba Nne. Eti kupimwa "uwezo wa kujimudu." Maana yake mtihani. Hata ukivalishwa koti jeupe, mtihani naujua.

Nimesimamia mitihani miaka thelathini na moja! Nimekamata majibu viganjani, ndani ya soksi, nyuma ya karatasi ya chupa ya maji. Hakuna anayejua wizi wa mitihani kuliko mtu aliyeuzuia maisha yake yote. Wasiwasi sina hata chembe.

Naweka kumbukumbu tu. Wiki mbili zilizopita niliteleza bafuni. Wiki iliyopita nikateleza jikoni, pakavu. Jana sebuleni, juu ya zulia. Vigae vya siku hizi havina ubora. Mazulia nayo hayana ubora. Kila asubuhi, kama saa nne hivi, nyumba nzima inazunguka kidogo halafu inatulia. Bila shaka ni msingi.

Mke wangu amemsimulia binti yetu kwa simu. Binti kasema akisikia nimeanguka tena, anakuja kutuchukua wote wawili, nyumba inafungwa, tunahamia kwake. Ana chumba cha nyuma. Nakijua. Dirisha moja linalotazama ukuta, na mashine ya kufulia inanguruma nyuma ya ukuta, karibu na mto wako wa kulalia. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba. Mke wangu ana maua yake barazani, vyungu kumi na vinne, kila kimoja anakisemesha. Siendi. Hatuendi. Kwa hiyo Alhamisi ni lazima nifaulu. Nikifeli, tumekwisha.

Zingatia: naandika kwa kalamu nene, ile ya kuandikia maboksi. Kalamu za kawaida wino wake hauonekani kabisa siku hizi. Viwanda vimezorota.

Jumanne, 4 Machi

Upelelezi! Nilifika zahanati saa mbili na nusu, nikaketi kwenye benchi nje ya Chumba Namba Nne, gazeti usoni. Mlango wao ni wa mbao nyepesi, unapitisha kila kitu. Mgonjwa wa kwanza alitajiwa maneno matatu ya kukumbuka: kijiko, mlima, shati. Wa pili: kijiko, mlima, shati. Wa tatu: kijiko, mlima, shati!

Hawabadilishi maswali! Aibu iliyoje. Enzi zangu mtu angefukuzwa kazi kwa hilo. Nilikasirika sana, kisha nikayaandika.

Nesi alitoka, akanigeuzia gazeti lisimame sawasawa, akaniuliza kama babu anasubiri mtu. Nikasema nasubiri mvua iishe. Nje jua lilikuwa linachoma. Akaniletea maji ya kunywa, akanishika bega. Ana huruma, hilo nampa. Lakini babu? Nina miaka sabini na mbili tu.

Mengine niliyoyanasa: unanyanyuka kitini bila kushika kitu, unatembea hadi mstari mwekundu, unageuka, unarudi, unaketi, na nesi anahesabu sekunde. Kisha unachora saa ya ukutani na kuweka mishale.

Saa! Hapo nikakumbuka kuwa jirani yangu Fundi Saa naye kapangiwa Alhamisi, baada yangu tu. Mtu ametengeneza saa miaka arobaini, leo anaulizwa achore saa! Huo si mtihani, huo ni upendeleo wa wazi. Tangu tulipojenga ukuta mmoja katikati yetu, yule bwana hajawahi kunizidi kitu chochote isipokuwa rangi ya geti. Hatanizidi hili.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi siku nzima. Mke wangu alishika saa ya jikoni, mimi nikatembea kutoka kiti cha mezani hadi kwenye friji na kurudi. Mara ya kwanza sekunde ishirini na sita. Mara ya tano kumi na tisa. Mara ya nane nilikumbatia friji, lakini kwa hiari.

Mke wangu akasema, baba watoto, kwa nini usimwambie daktari ukweli? Kwamba kila siku ukishameza dawa zako, ikifika saa nne unayumba. Nikamwambia ukweli ni kwa watu ambao hawakujiandaa. Akatikisa kichwa, akaenda kuyasemesha maua yake. Nadhani yalinijadili.

Barua inasema mtu aje na dawa ZOTE anazotumia, ndani ya mfuko. Wanajua wanachotafuta! Mtahiniwa mwenye akili hapeleki daftari chafu kwa msahihishaji. Nikafungua sanduku langu la chuma, lile la kutunzia karatasi za mitihani, nililopewa siku ya kustaafu. Dawa zangu nazifungia humo na ufunguo nauvaa shingoni, hakuna mtu wa kuniingilia. Kuna boksi la bluu, lile nililopewa hospitali kubwa nilipolazwa mwaka jana. Kuna boksi jeupe, kutoka zahanati hii hii. Kuna mengine tisa na kopo moja ambalo sikumbuki lilitoka wapi. Nimechagua boksi jeupe peke yake. Nimelipangusa vumbi. Linapendeza.

Jioni Fundi Saa alichungulia juu ya ukuta, akaniuliza Mwalimu umejiandaaje? Nikajitia hamnazo, nikasema kwani kuna nini kesho. Yeye akasema hajajiandaa chochote. Atakwenda kuwaambia magoti yamekwisha na kunyanyuka chooni kumemshinda. Hivi hivi! Hadharani! Nilimhurumia kwa moyo wangu wote, kisha nikaingia ndani kucheka.

Kijiko, mlima, shati nimeyaandika ndani ya kofia yangu, kwa herufi kubwa kama za bango.

Alhamisi, 6 Machi

NIMEFAULU!

Ingawa haikuwa rahisi. Jambo la kwanza nesi aliniomba nivue kofia anipime urefu. Akaitundika nyuma ya mlango, majibu yangu yote ndani yake. Lakini maneno yale nimeyarudia tangu juzi, hata mke wangu anayataja akiosha vyombo. Nesi akasema kijiko, akasema mlima, na mimi nikamalizia shati kabla hajafungua mdomo. Akasema babu ana haraka. Nikasema babu ana akili.

Kutembea: sekunde kumi na nne! Ilikuwa saa tatu na robo, nyumba zilikuwa bado hazijaanza kuzunguka. Muda mzuri ni sehemu ya mkakati.

Saa niliichora na mishale mitatu, hadi wa sekunde.

Kisha maswali ya mdomo. Akauliza kama nimeanguka miezi sita hii. Nikasema sijawahi. Mke wangu akakohoa. Akauliza kama nasikia kizunguzungu. Nikasema ndiyo kwanza nalisikia neno hilo. Mke wangu akakohoa sana. Nesi akamgeukia, akamuuliza kikohozi hicho kimeanza lini, akampangia siku ya kupimwa kifua. Hadi tunafika nyumbani mke wangu alikuwa hajanisemesha.

Daktari mwenyewe sikumwona, alikuwa ameitwa kwenye dharura. Nesi aliangalia boksi langu jeupe, akasifu usafi wake, akaandika: "Hana tatizo. Arudi baada ya mwaka mmoja." Karatasi moja tu. Nimeibandika kwenye friji.

Fundi Saa alikaa mle ndani karibu saa nzima. Alitoka na karatasi tano. Tano! Maskini, kafeli vibaya sana. Nilimpa pole kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi gari la zahanati limesimama kwa Fundi Saa. Nilidhani wamekuja kumchukua. Nikavaa shati la heshima nitoke kumuaga.

Hawakuja kumchukua. Wamekuja kumfungia vyuma bafuni! Viwili, vinang'aa, vya kushikilia. Wamemwekea mkeka usioteleza. Wameinua kiti cha choo. Wamempa fimbo yenye mpira chini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuja kila Jumanne kumnyoosha magoti, na kila Jumatatu nesi atampigia simu kumuuliza amelalaje. Amelalaje! Mimi hakuna aliyeniuliza nimelalaje tangu nikiwa shule ya bweni.

Nimesimama ukutani muda mrefu. Enzi zangu aliyefeli alifungasha godoro lake akaenda nyumbani. Huyu kafeli, na zahanati nzima inamfuata nyumbani.

Nimerudi ndani nikaisoma tena ile karatasi kwenye friji. Hana tatizo. Arudi baada ya mwaka. Haikuwa na ladha ile ya jana.

Jumapili, 9 Machi

Saa nne na dakika tano. Barazani. Nilikuwa nimesimama tu, sifanyi lolote. Nyumba ikazunguka, nikashika kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu kilikuwa chungu kikubwa cha maua ya mke wangu, alichopewa na marehemu mama yake. Tulianguka pamoja. Mimi nimechubuka kiwiko. Chungu kimekwisha.

Mke wangu alinikalisha, akanipangusa damu, akampigia binti yetu. Nikamnyang'anya simu, nikamsomea binti cheti changu neno kwa neno. Binti akasema Baba, cheti hakimshiki mtu asianguke. Akasema kama madaktari wenyewe hawajaona tatizo, basi hawana la kutusaidia. Jumapili ijayo anakuja na gari na maboksi. Amekata simu kwa upole, na hiyo ni mbaya kuliko angeibamiza.

Mke wangu alifagia udongo, akaliweka ua ndani ya sufuria, akalimwagilia. Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Alisema tu, sijui kama kwa binti kuna jua la kutosha upande ule wa nyuma. Hilo ndilo lililoniuma.

Lakini sijashindwa! Nimeona kosa liko wapi. Nilifaulu kupita kiasi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeandika rufaa. Nakala naiweka hapa kwa ajili ya historia:

"Kwa Daktari wa Siku za Wazee. Yah: Ombi la kusahihishwa upya na kushushiwa alama. Mtahiniwa tajwa anaheshimu matokeo ya tarehe 6 Machi ila anaamini alipewa alama ambazo hakustahili. Anaomba arudie mtihani mapema, na anaahidi matokeo mabaya zaidi."

Nimepeleka mwenyewe. Dada wa mapokezi aliisoma mara mbili, akaita mwenzake wa stoo, naye akaisoma. Akaniuliza kama nina malalamiko. Nikasema sina, nimefurahishwa na huduma, nataka kufeli tu. Akasema mzee wangu, hapa mtu hafeli wala hafaulu. Nilimtazama kwa huruma. Bado mchanga kazini, atajifunza.

Amenipangia Alhamisi saa nne kamili. Nilimwomba saa tatu, akasema saa tatu imejaa.

Jumatano, 12 Machi

Kufeli vizuri ni kazi ngumu kuliko kufaulu. Watu hawajui.

Nimefanya mazoezi ya kuchechemea. Mguu wa kushoto unachechemea vizuri zaidi, una kipaji. Nimechora saa ya mraba yenye namba hadi kumi na tano. Nimejifunza kutazama dirishani nikiulizwa swali, mdomo wazi kiasi. Mke wangu aliingia akanikuta hivyo, akadhani nimepatwa na jambo, akaangusha kikapu cha nguo. Alipojua ni mazoezi, alikaa chini akalia. Kisha akacheka. Kisha akalia tena. Sikujua nishike lipi.

Akasema kwa mara ya mwisho, baba watoto, wewe unaanguka kweli. Huna haja ya kuigiza. Sema tu. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba kuanguka kweli hakuna ushahidi, ila kuanguka kwa kuigiza kunaweza kupangwa muda na mahali.

Fundi Saa kapita na fimbo yake mpya, anatembea kama mkaguzi wa elimu. Kasema Mwalimu, vyuma vile ni raha, unanyanyuka kama kijana. Nikasema hongera. Nikarudi kwenye mazoezi yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa kitandani kwangu. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Saa mbili nilimeza dawa zangu zote kama kawaida: ya boksi la bluu, ya boksi jeupe, na wenzake. Saa nne kamili nikaingia Chumba Namba Nne nachechemea. Safari hii daktari alikuwepo, mama mtu mzima, miwani kwenye kamba. Rufaa yangu ilikuwa mbele yake. Nesi pembeni.

Daktari akaniuliza huu ni mwaka gani. Nikatazama dirishani. Mwezi gani? Nikatazama dari. Safi kabisa! Nesi alikuwa anajaza fomu huku anajisomea kwa sauti, akasema tarehe kumi na mbili Machi. Nilijizuia. Nawaambia nilijizuia! Lakini miaka thelathini na moja, jamani. Karatasi yenye tarehe isiyo sahihi ni karatasi iliyofutwa! Nikamwambia ni kumi na tatu, Alhamisi, na fomu hiyo airudie yote kwa wino mweusi.

Nesi alitazama sakafu, mabega yakimtikisika.

Nikachora saa ya mraba. Daktari akasema ni nzuri, angeiweka jikoni kwake. Nikatembea hadi mstari mwekundu nikichechemea mguu wa kushoto. Nikageuka. Nikarudi nikichechemea wa kulia. Mke wangu alijifunika uso kwa mtandio.

Daktari akavua miwani, akaniambia kwa utaratibu kabisa niketi, nipumzike, halafu nimwambie kilichonileta. Nikataka kunyanyuka nimpe maelezo yangu nikiwa wima.

Sikupanga hilo lililofuata. Chumba kilizunguka, kisha mwanga ukaondoka pembeni, kisha katikati. Nikasikia mke wangu akisema, huku sasa si kuigiza, huku ndiko kuanguka kwenyewe. Alikuwa amenishika. Sijui alifikaje, alikuwa upande wa pili wa meza. Nililala sakafuni nikaona chini ya kitanda cha wagonjwa, na mkono wake ndani ya wangu, na sikuweza kuuminya. Niliogopa. Naandika hivyo mara moja tu. Niliogopa kwamba nitamwacha peke yake, ndani ya kile chumba cha mashine ya kufulia.

Walinipima presha nimelala, wakanipima nimekaa, wakanipima nimesimama nimeshikwa huku na huku. Ilikuwa inaporomoka kama mtu ameteleza ngazini. Daktari akauliza dawa zangu ziko wapi. Nikasema boksi jeupe, mfukoni. Mke wangu akainua kikapu chake, akatoa sanduku la chuma. Sanduku langu! Alikuwa amelibeba kutoka nyumbani, lile zito lote, chini ya kitenge. Akanivua ufunguo shingoni mbele za watu, akalifungua, akamwaga kila kitu mezani.

Daktari alishika boksi la bluu mkono mmoja, jeupe mkono mwingine. Akasoma maandishi ya pembeni. Akasema hii ni dawa moja. Viwanda viwili, rangi mbili, dawa moja ya presha. Hospitali kubwa walinianzishia, zahanati wakanipa tena bila kujua, na mimi nimekuwa nikimeza dozi mara mbili kwa miezi minane. Akasema ningeendelea, ipo siku nisingenyanyuka. Akasema ndiyo maana barua zao zinaandika dawa ZOTE. Lile kopo nililolisahau lilikuwa la dawa ya mafua, imepitwa na wakati.

Akaniuliza kama huwa nasoma maandishi kwenye maboksi. Nikasema bila shaka. Akanipa boksi moja, akasema nisomee. Nikalisogeza mbali, nikalisogeza karibu, nikasoma kwa sauti kavu: weka mbali na watoto, hifadhi mahali pakavu. Lilikuwa boksi la glavu.

Hakucheka. Mke wangu alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo siku nyingi.

Boksi la bluu limechukuliwa. Dawa nyingine nne nazo zimeondolewa, kumbe zilikuwa za ugonjwa uliokwisha mwaka jana. Nimeandikiwa vyuma vya bafuni. VINNE! Na wiki ijayo, Alhamisi, napimwa macho.

Muhtasari: rufaa imekubaliwa kwa asilimia mia.

Jumapili, 16 Machi

Siku tatu bila kuzunguka! Saa nne jana nilisimama katikati ya sebule, mikono nimeachia, nikisubiri. Hakuna kitu. Saa nne na nusu, hakuna kitu. Msingi umetulia.

Binti yetu alifika saa tano na gari limejaa maboksi ya kuhamia. Nilimpokea getini, wima, nikambebea begi. Mama yake akamkalisha jikoni, akamweleza yote tangu kijiko, mlima, shati. Binti alisikiliza huku ameshika kichwa. Kisha akanijia barazani, akaniuliza, Baba, kwa nini hukusema tu kwamba unayumba? Nikamwambia kwa sababu aliniambia nikianguka ananihamisha. Akasema alisema vile kwa hofu. Nikasema na mimi vilevile. Tukatazama lile ua kwenye sufuria. Limetoa jani jipya.

Kwa hiyo tunabaki! Lakini binti ni binti yangu, ameweka masharti. Maboksi ya kuhamia yatakaa koridoni, yamekunjwa, hadi majibu ya macho yatoke. Kasema asiyeona maandishi ya dawa atachanganya tena, na mama hawezi kuwa mlinzi wa sanduku maisha yake yote. Macho yakitibiwa, maboksi yanaondoka. Miwani, matone, hata upasuaji mdogo kama ni mtoto wa jicho, chochote daktari atakachoona kinafaa. Anachotaka niangaliwe kwa uhakika.

Nimemuahidi nitafanya vizuri sana kwenye macho. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumatano, 19 Machi

Kila kitu kiko tayari. Sijawahi kujiandaa hivi.

Jana nilikwenda zahanati na Fundi Saa. Tumepatana. Ana kifaa, sikukijua: darubini ndogo ya kubana jichoni, aliyokuwa akitazamia saa za minarani. Chumba cha macho kina dirisha upande wa maegesho. Yeye alisimama pale kwa fimbo yake, kama mzee anayepumzika, darubini jichoni, akanitajia ubao wote wa herufi kutoka juu hadi chini. Mimi nikaandika kwa kalamu nene. Nesi alipita, akatuuliza kama tunahitaji msaada. Tukasema tunasubiri mvua iishe.

Nimeshika safu zote nane. Nazitaja nikiwa nimefumba macho, na ukifikiri vizuri, hiyo ndiyo heshima ya juu kabisa katika kipimo cha macho. M. K, R. T, B, S. A, Z, H, L. Naendelea hadi zile za chini ambazo Fundi Saa mwenyewe alizisoma akitoa machozi. Kesho saa tatu nitawatajia ubao wao hadi jina la kiwanda. Watasema mzee huyu anaona kama mwewe. Hawatanigusa na matone yao. Maboksi yataondoka koridoni, na mke wangu atapanga tena vyungu vyake barazani.

Siri hii hakuna mwingine anayeijua. Daftari nimeliacha mezani, lakini mke wangu hana tabia ya kuchungulia.

*Baba watoto, ubao wa macho una pande mbili. Nimempigia nesi simu, kesho atageuza. Usinikasirikie. Nataka uone vizuri, tukae kwetu. Mimi mkeo.*

Alhamisi, 20 Machi, asubuhi

Nimeamka na nguvu. M. K, R. T, B, S. Sijakosea hata moja.

Naona mke wangu ameandika kitu hapo juu, kwa kalamu ya kawaida, herufi ndogo kama sisimizi. Nimekisogeza mbali, nimekisogeza karibu. Hakisomeki, wino wa siku hizi ule ule. Nadhani ananitakia kila la heri. Nimembusu kwenye paji la uso, nikamwambia asante, nimeyasoma yote.